Linux nyepesi ya kujifunzia programu kwenye mashine ya zamani: namna ya kuchagua na kuiweka

Kila vyuo vikifungwa na vijana wakirudi Kigoma na kompyuta mpakato za mtumba, maswali huwa ni yaleyale. "Ina RAM ya GB 2, nitaweza kujifunza Python?" "Niweke Ubuntu au Kali?" "Fundi wa Mwanga kanipigia Windows 10 lakini inastaki hata nikifungua kivinjari, nifanyeje?" Mwongozo huu wa kuweka Linux, mfumo endeshi wa kutumia badala ya Windows, ni wa hao wote, uwe Ujiji, Gungu, Kasulu au Uvinza. Usome wote kwanza, halafu uurudie hatua kwa hatua ukiwa na mashine mbele yako.

Kabla ya yote, elewa hili: kinacholemea mashine kuukuu mara nyingi si mfumo wenyewe, ni kivinjari na kihariri unachoandikia programu. Distro nyepesi (distro ni Linux iliyoandaliwa tayari kutumika, kama Ubuntu, Mint au Kali) inakuachia nafasi tu. Ukiijaza nafasi hiyo kwa Chrome yenye tabo ishirini, unarudi ulikotoka. Kwa hiyo chagua distro kwa kuangalia RAM uliyonayo na kazi unayotaka kufanya, usichague kwa kusikia sifa zake.

Kama bado unasitasita kuiacha Windows, jua kwamba Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambazo mashine nyingi za mtumba hazina.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mashine yenyewe na chaja yake. Kama betri imekufa, tafuta siku na saa ambayo umeme hauyumbi kwenu. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, itabidi uanze upya, na kama ulikuwa unapunguza patisheni (sehemu ya diski) ya Windows, mafaili yako yanaweza kupotea.
- Flashi ya GB 8 au zaidi, isiyo feki. Zipo flashi zilizoandikwa GB 64 kumbe ndani ni GB 4. Ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au f3 kama una rafiki mwenye Linux.
- Kompyuta nyingine, au hiyohiyo kama bado inawaka, ya kuandalia flashi.
- Bando. Tenga GB 5 au 6: faili la kusakinisha linafika karibu GB 3, na masasisho ya kwanza nayo yanakula.
- Waya wa USB wa simu yako. Usiudharau, utaona kazi yake hatua ya 5.
- Mahali pa kuhifadhi picha, vyeti na kazi zako za zamani, nje ya mashine unayoifanyia kazi.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Unatafuta mambo matatu: RAM, aina ya prosesa, na aina ya diski.

Ukiwa Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha Enter. Tazama "Installed Physical Memory" na "System Type". Uangalie sana hapo kwenye "System Type". Mashine nyingi za RAM ya GB 2 zilipigwa Windows 7 ya biti 32 ili zipumue, na wenyewe wakaamini kwamba prosesa nayo ni ya biti 32. Sivyo. Core 2 Duo ni ya biti 64, na karibu kila Core i3, i5 na i7 uliyoiona kwenye kompyuta mpakato ni ya biti 64. "System Type" inakuambia Windows iliyopo, si uwezo wa prosesa. Soma jina la prosesa kwenye mstari wa "Processor", ulitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ukishawasha Linux kutoka kwenye flashi, amri hii, ukiiandika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), inamaliza ubishi:

`lscpu | head -5`

Ukiona "32-bit, 64-bit", ni ya biti 64. Zile mashine ndogo sana zenye Atom N270 ndizo za biti 32 kweli.

Kuhusu diski, kama unasikia mlio wa kuzunguka ukiitegea sikio, ni HDD, diski ya zamani ya kuzunguka. SSD haina sauti.

Hatua ya 2: Chagua distro

Chagua kwenye ukoo wa Debian, yaani Debian yenyewe na distro zilizotokana nayo. Nasema hivyo kwa sababu ya mazingira yetu. Intaneti ni ya bando, na vijana wengi wanaoweza kukusaidia hapa mjini wanatumia Ubuntu, Mint au Debian. Ukikwama, utapata wa kukutolea jibu, na hata mafaili ya programu mnaweza kupeana kwa flashi kama mna distro moja na toleo moja.

*RAM ya GB 4.* Weka Linux Mint, toleo la Xfce (eneokazi jepesi, yaani sura ya madirisha na menyu). Ndilo jibu langu kwa wengi na sihangaiki kulitetea. Mint 22 ilitoka 2024 na itapata masasisho ya usalama hadi 2029. Sababu yangu ya kuiweka mbele ya Lubuntu, ambayo nayo ni nyepesi na nzuri, ni Firefox. Lubuntu huleta Firefox kama kifurushi cha snap, ambacho kwenye HDD huchukua muda mrefu kufunguka mara ya kwanza na kinakula diski zaidi. Mint huleta Firefox ya kawaida.

*RAM ya GB 2, prosesa ya biti 64.* Hapa una njia mbili. Ukitaka wepesi bila kuhangaika, weka antiX 23. Haitumii madoido mengi na ikiwa imetulia hubakiza sehemu kubwa ya RAM kwa ajili yako. Sura yake ni ya kizamani na menyu zake zinahitaji kuzoewa. Ukitaka kitu kinachofanana zaidi na ulichozoea, weka Debian 13 yenye LXQt, eneokazi jingine jepesi. Faili lake dogo la kusakinisha halifiki GB 1, ila mengine yote inayavuta mtandaoni wakati wa kusakinisha, kwa hiyo bando halikwepeki.

Onyo kwa wa Debian: kisakinishi kikifika kwenye orodha ya mambo ya kuweka, GNOME, eneokazi zito, huwa tayari imetiwa alama. Wengi wanagonga Enter tu na kujikuta na mfumo mzito kwenye mashine ya GB 2. Ondoa alama ya GNOME kwa kitufe cha nafasi, weka alama kwenye LXQt, ndipo uendelee.

*RAM chini ya GB 2, au prosesa ya biti 32.* antiX 23 ya biti 32. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, na Ubuntu na ndugu zake waliacha zamani. Kwa mashine hii utajifunza C, Python na amri za terminali vizuri kabisa. Tovuti nzito za kisasa zitakusumbua, hizo fungulia kwenye simu.

*RAM ya GB 8.* Huna tatizo la distro. Chukua Mint yoyote.

Sasa kuhusu Kali, kwa sababu ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Kali imetengenezwa kwa wataalamu wa kupima usalama wa mifumo, na watengenezaji wake wenyewe wanasema si ya mtu anayeanza Linux wala si ya matumizi ya kila siku. Haikufanyi uwe mtaalamu wa usalama. Tena masasisho yake huja mfululizo na kwa wingi, yaani bando lako linaishia kwenye mambo usiyoyatumia. Arch, distro nyingine inayosifiwa, nayo ni hivyohivyo upande wa masasisho. Jifunze kwanza kuandika programu. Zana nyingi zilizomo kwenye Kali unaweza kuziweka kwenye Debian ukizihitaji.

Hatua ya 3: Pakua na uhakiki faili

Pakua kutoka tovuti rasmi ya distro, si kwenye kiungo ulichotumiwa WhatsApp. Tumia programu ya kupakulia inayoweza kuendelea pale ilipokatikia, au torrent, kwa sababu mtandao ukikatika ukiwa na GB 2.5 kati ya 3 ni uchungu mtupu.

Faili likifika, lihakiki. Kwenye Windows fungua "Command Prompt" ndani ya folda lilipo, uandike:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Kwenye Linux ni `sha256sum jina-la-faili.iso`. Linganisha herufi zinazotoka na zilizoandikwa kwenye tovuti. Zikitofautiana hata moja, faili limeharibika njiani. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanapoteza siku nzima wakilaumu mashine.

Hatua ya 4: Andaa flashi

Kwenye Windows tumia Rufus. Chagua flashi, chagua faili la ISO (lile la kusakinisha ulilopakua), bonyeza "START". Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika, kwa hiyo hamisha nyimbo na mahubiri yako mapema. Kunakili faili la ISO na kulibandika kwenye flashi kama unavyobandika picha hakufanyi kazi. Ni lazima liandikwe na programu kama hiyo.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kusakinisha

Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Lenovo, Dell na Toshiba nyingi ni F12, HP ni Esc kisha F9, Asus ni Esc. Acer nyingi ni F12 pia, ila huenda ukalazimika kuiruhusu kwanza ndani ya BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) kwa F2.

Mint na antiX zitawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Kwa Debian, chukua faili la "live" kama unataka kujaribu kwanza. Usiwe na haraka hapa, kagua kila kitu:

Je, Wi-Fi inaona mitandao? Sauti inatoka? Vitufe vyote vya kibodi vinaandika? Ukifunga kifuniko na kukifungua, inaamka? Kama Wi-Fi imegoma, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux nyingi zitaiona simu ya Android kama waya wa mtandao wa kawaida, na utaendelea na kazi.

Kisha fungua kivinjari, weka tabo tatu ambazo ungezitumia kweli ukijifunza, fungua terminali, andika:

`free -h`

Wanaoanza huangalia safu ya "free", wanaona MB 180, wanashtuka kwamba RAM imekwisha. Angalia safu ya mwisho, "available". Linux huitumia RAM iliyokaa bure kuhifadhi mafaili yaliyotumika karibuni, na huiachia mara moja programu ikiihitaji. Kwenye mashine ya GB 2, "free" inaweza kusoma MB 180 na "available" ikasoma GB 1.2, na hapo uko salama. "available" ikishuka chini ya MB 200 na tabo tatu tu, distro hiyo ni nzito kwako. Rudi hatua ya 2, teremka ngazi moja. Kumbuka tu kwamba ukiwasha kutoka kwenye flashi RAM inayotumika huwa nyingi kuliko ukishasakinisha.

Hatua ya 6: Sakinisha

Hamisha mafaili yako kwanza. Halafu yafungue huko ulikoyahamishia, uone kama yanafunguka.

Kama mashine ina diski ndogo au RAM ya GB 2, nakushauri ufute Windows yote, uchague "Erase disk". Kuweka mifumo miwili kunawezekana, lakini kwa HDD ya zamani kupunguza patisheni huchukua muda mrefu, na ndipo umeme unapokuponza. Ukilazimika, punguza patisheni ukiwa ndani ya Windows yenyewe kwa "Disk Management", zima "Fast Startup", ndipo uwashe kutoka kwenye flashi.

Soma jina na ukubwa wa diski kabla ya kukubali. Kama umechomeka diski ya nje, ichomoe kabisa.

Kwa wa Debian tena: kisakinishi kikikuomba neno la siri la root (akaunti kuu ya mfumo), acha wazi. Ukiliacha wazi, akaunti yako inapewa ruhusa ya `sudo`, yaani kuendesha amri kama msimamizi.

Hatua ya 7: Weka zana za kazi

`sudo apt-get update`
`sudo apt-get install build-essential git python3-venv geany htop`

Hiyo inakupa kikusanyaji (compiler) cha C, Git ya kutunza matoleo ya msimbo wako, Python na kihariri cha Geany. Geany hufunguka papo hapo, inapaka rangi msimbo, na unaendesha programu kwa F5. Kwa mashine ya GB 2 inatosha na kubaki. VS Code inaendeka kwenye GB 4 kama hujaijaza viongezi na kivinjari kina tabo chache, lakini haina toleo la Linux ya biti 32. Android Studio iache. Inahitaji RAM ya GB 8 kwa uchache, na hakuna distro itakayokufichia hilo.

Kisha weka zram. Hii hubana data ndani ya RAM badala ya kuitupa kwenye diski, na kwenye mashine ya GB 2 au 4 yenye HDD tofauti yake unaiona siku hiyohiyo. Kwenye Mint na Debian:

`sudo apt-get install zram-tools`

Fungua faili `/etc/default/zramswap` kwa `sudo nano`, weka mistari `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, hifadhi, kisha:

`sudo systemctl restart zramswap`

Andika `swapon --show`. Ukiona `/dev/zram0` kwenye orodha, imekubali.

Hatua ya 8: Jiandae kwa siku zisizo na bando

Hapa ndipo kujifunza programu Kigoma kunapotofautiana na kujifunza palipo na intaneti ya bure. Weka nyaraka za Python ndani ya mashine kwa `sudo apt-get install python3-doc`, na uweke Zeal, inayokupakulia nyaraka za lugha nyingi ukazisoma bila mtandao. Za C na amri za Linux utazipata kwa `man`.

Umeona natumia `apt-get` badala ya `apt`? `apt` kwa kawaida hufuta vifurushi ikishamaliza kuviweka, `apt-get` huviacha kwenye `/var/cache/apt/archives`. Kwa hiyo mkiwa watano wenye Mint ya toleo moja, mmoja anapakua, anawanakilia wengine mafaili ya `.deb` kwa flashi, na kila mmoja anaweka kwake ndani ya folda yenye mafaili hayo:

`sudo apt install ./*.deb`

Bando la mtu mmoja linawafikisha wote.

Ikigoma

*Skrini inabaki nyeusi baada ya kuchagua flashi.* Kwenye menyu ya mwanzo bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, weka `nomodeset` mahali pa maneno `quiet splash`, kisha F10.

*Flashi haionekani kabisa.* Ingia BIOS, zima "Secure Boot", jaribu tundu jingine la USB. Ikigoma bado, andika flashi upya.

*Umesakinisha lakini mashine inasema hakuna diski ya kuanzia.* Mara nyingi flashi iliwaka kwa mfumo wa zamani wa BIOS na mashine inatafuta UEFI, mfumo mpya wa kuwashia mashine, au kinyume chake. Chagua mmoja ndani ya BIOS, usakinishe upya kwa huohuo.

*"is not in the sudoers file."* Uliweka neno la siri la root kwenye Debian. Andika `su -`, kisha `adduser jinalako sudo`, toka kwenye akaunti na uingie tena.

*pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inakataa kwa ujumbe wa "externally-managed-environment".* Haijaharibika. Debian na Mint mpya hazitaki uchanganye vifurushi vya pip na vya mfumo. Tengeneza mazingira ya mradi wako:

`python3 -m venv mazingira`
`source mazingira/bin/activate`

Sasa `pip install` itakubali.

*Kila tovuti inasema cheti si salama, na masasisho yanakataa.* Tazama saa. Betri ndogo ya ndani, CR2032 au ya aina yake, ikifa, mashine hurudi miaka ya nyuma kila ikizimwa. Rekebisha saa kwenye mipangilio, kisha mtafute fundi abadilishe betri hiyo. Ni kazi ndogo.

*Inawaka vizuri, baada ya nusu saa inakuwa goigoi na feni inapiga kelele.* Ni joto. Vumbi limeziba feni, na ile pasta ya juu ya prosesa imekauka. Isafishwe na ibadilishwe, hakuna distro inayotibu hilo.

*Taa ya diski inawaka mfululizo na kipanya kinaruka-ruka.* RAM imejaa na mfumo unahamishia vitu kwenye diski. Fungua `htop`, bonyeza Shift na M, programu inayokula RAM kuliko zote itapanda juu. Karibu kila mara ni kivinjari. Ikiwa hali hiyo inajirudia kila siku hata ukibana matumizi, tafuta hela ya kifaa kimoja: kwa mashine ya GB 2 anza na RAM, kwa ya GB 4 yenye HDD anza na SSD. Kabla ya kwenda dukani fungua kifuniko cha chini usome lebo ya RAM iliyopo, kwa sababu PC3 na PC3L hazibadilishani kwenye kila mashine. Ikiwa imeandikwa PC3L, nunua PC3L.